Siku moja ya mkandaji, Umoja hadi Kilimani, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijawasha jiko natia mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kunyoosha vidole kimoja kimoja. Gumba la kulia ndilo linalochelewa kuamka. Nina miaka tisa katika kazi hii na gumba hilo limeibeba yote tisa. Halafu nakata kucha, hata kama nilikata jana. Ukucha ambao mimi mwenyewe siuoni, mteja anausikia mgongoni.

Mimi ni mkandaji. Wengine husema mtu wa masaji, na wakisema hivyo naona macho yao yakibadilika. Kwenye chama chetu cha akina mama hapa plotini, miaka miwili ya kwanza nilikuwa nasema nafanya kazi ya kliniki. Siku hizi nasema kazi yangu kwa jina lake, na anayetaka kunyamaza anyamaze. Bibi yangu kule Kilifi alikuwa akiikanda miili ya watu na hakuna aliyemtazama kwa jicho la pembeni. Nyumba ikipata mtoto, yeye ndiye aliyeitwa kumkanda mzazi kwa maji ya moto na mafuta ya nazi mpaka arubaini iishe. Aliheshimiwa kama mwalimu wa chuoni. Mikono yangu imetoka kwake kabla ya kutoka kwa cheti kilicho ukutani.

Saa kumi na mbili namwacha mtoto kwa jirani, napanda matatu, Jogoo Road imeshajaa, nafika mjini, nabadilisha, napanda matatu namba 46 hadi Kilimani. Hakuna zaidi la kusema kuhusu saa mbili hizo.

Saa tatu nafungua chumba. Shuka safi, taulo mbili kwa kila mteja, mawe meusi ya masaji ndani ya maji yanayopashwa moto polepole. Mafuta ni ya nazi au ya lozi, na kabla sijaifungua chupa ya lozi lazima niulize kama mtu anadhurika na karanga au lozi. Kuna fomu ya maswali: presha, moyo, mimba, upasuaji, dawa za kuyeyusha damu, safari ndefu. Wateja wengi hutia alama ya hapana kuanzia juu hadi chini bila kusoma. Kwa hiyo nauliza tena kwa mdomo.

Saa nne, dada wa benki mwenye shingo iliyokakamaa kwa kukaa mbele ya kompyuta. Yeye huchukua masaji ya Kiswidi. Ndiyo watu wengi wanayoijua: kupapasa kwa mwendo mrefu, kukanda nyama kama unga wa chapati, kusugua kwa duara, kupigapiga kwa kando ya kiganja. Ajabu ni kwamba Waswidi wenyewe huiita masaji ya klasiki, na majina ya mitindo hiyo tuliyokaririshwa darasani ni ya Kifaransa, yakaenezwa na daktari Mholanzi aliyeitwa Mezger katika karne ya 19. Dada wa benki hayo hayamhusu. Anataka kulala usiku. Alilala pale pale kitandani.

Saa tano na nusu, kijana mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio ndefu. Huyu ni masaji ya ndani, ile ya kushuka polepole hadi kwenye misuli ya chini. Hapa situmii gumba. Natumia mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, na uzito wa mwili wangu ufanye kazi. Watu hudhani masaji ya ndani ni kuumizwa. Mteja akishika pumzi au akikunja vidole vya miguu, nimepita kiasi, maana msuli unaoogopa hujifunga zaidi. Kijana aliniuliza kama namtoa sumu mwilini. Nilimwambia ukweli: sumu ni kazi ya ini na figo, mimi nakulegeza misuli na kesho utapanda ngazi kwa maumivu madogo zaidi. Hilo linatosha. Sipendi kazi yangu isifiwe kwa isichokifanya, kwa sababu siku mtu akigundua ni uongo atatupa na kile cha kweli.

Saa saba, mama aliyefiwa. Huyu haji kukandwa, huja kwa reiki. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Mteja analala na nguo zake, nami naweka mikono juu yake au karibu naye tu, kichwani, mabegani, tumboni, miguuni, bila kusugua wala kubonyeza. Wanaoifuata husema kuna nishati, ki, inayopita mikononi. Kabla ya mara ya kwanza mimi humwambia kila mteja kwamba hakuna kipimo kilichothibitisha nishati hiyo, na kwamba haitibu ugonjwa. Aliwahi kuja mzee mmoja akiuliza kama anaweza kuacha dawa za sukari akifanyiwa reiki. Nilimwomba asiache hata kidonge kimoja. Lakini huyu mama haombi tiba. Tangu mazishi, kila anayemgusa anamkumbatia na kumpa pole, naye inabidi ajibu. Hapa hakuna anayetaka jibu. Leo alilia kama dakika ishirini, kisha pumzi ikatulia, kisha akalala. Nilibaki na viganja mabegani mwake mpaka saa ikaisha, na hiyo kazi isiyo na jasho ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Nilikula chapati na maharagwe nimesimama.

Saa nane akaingia mzee wa mguu.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, suti nzuri, ametoka Uingereza usiku uliopita. Alitaka saa moja na nusu, masaji ya ndani, hasa shavu la mguu wa kushoto. "Misuli imekaza kwenye ndege," alisema. "Usiniogope, ponda kabisa." Fomu yake: hapana, hapana, hapana, mpaka chini, hata pale palipoandikwa safari ndefu. Nikamwomba akunje miguu yote miwili ya suruali. Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa na wekundu kidogo. Nikaweka mgongo wa kiganja, kwanza kulia, halafu kushoto. Wa kushoto ulikuwa wa moto. Nina futi ya fundi cherehani kwenye droo yangu. Nilipima miguu yote miwili chini ya goti, mahali pamoja. Tofauti ilikuwa sentimita nne.

Nilimfunika shuka, nikakaa ili nisizungumze naye nikiwa juu yake. Nikamwambia, "Mzee, leo sikukandi. Ukikaa saa nane kwenye ndege bila kutembea, damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Sijui kama ndivyo ilivyo kwako. Lakini kama ndivyo, nikikuponda hapa, bonge linaweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu. Nenda hospitali sasa hivi, uwaambie wakupige ultrasaundi ya mguu."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mzee. Ndiyo maana nakupeleka kwake."

Akacheka. Akasema yeye hucheza gofu, anaujua mwili wake. Akasema basi niache mguu, nikande mgongo. Nikakataa na mgongo. Akasema mabega tu, dakika thelathini, atalipa saa nzima. Nikakataa. Akauliza mshahara wangu ni kiasi gani. Sikujibu. Silipwi mshahara, nalipwa sehemu ya kila mteja ninayemkanda, na nisiyemkanda hanipi kitu. Saa moja na nusu ya masaji ya ndani ni 5,500, ndiyo huduma ghali kuliko nyingine zote siku ya kawaida. Nilizijua hesabu hizo vizuri kuliko yeye.

Akavaa, akatoka hadi mapokezi, na hapo ndipo sauti ilipopanda. Wateja wengine wawili walikuwa wamekaa na vikombe vyao vya chai ya tangawizi. Alisema amevuka mji mzima kuja kufundishwa udaktari na msichana wa masaji. Msichana wa masaji: alilisema mara tatu, na mara ya tatu alilisema kwa ile sauti ambayo wanawake wote wa kazi hii wanaijua. Akasema huko mtaa wa pili hawaulizi maswali. Akataka arudishiwe nauli ya teksi.

Meneja akaja, akanivuta kando. "Si umguse mabega tu, aondoke na furaha?" Nikamwambia mabega hayana tatizo, tatizo ni damu, na damu ni moja mwili mzima. Akasema mteja akiandika maneno mabaya kwenye intaneti, ni biashara inayoumia. Nikamwambia mteja akifia kitandani pangu hataandika chochote. Ni maneno makali na nilikuwa natetemeka nilipoyasema, lakini siyafuti. Tulibaki tukitazamana. Mwishowe alimlipa mzee nauli yake kutoka kwenye droo, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Hilo la kuombewa radhi ndilo lililoniuma.

Mzee akawa bado amesimama, anatafuta namba ya teksi kwenye simu, na nikaona anauweka uzito wote kwenye mguu wa kulia. Nikachukua karatasi ya risiti, nikaandika kwa herufi kubwa: MGUU WA KUSHOTO UMEVIMBA, WA MOTO, TOFAUTI SM 4, AMETOKA SAFARI YA NDEGE JANA. Chini yake nikaandika: ukianza kukosa pumzi au kifua kuuma, usisubiri teksi, ita ambulensi. Nikaiweka mbele yake mezani kwa mikono miwili. Hakunitazama. Nikarudi chumbani kubadilisha shuka ambayo hakuna aliyeilalia, kwa sababu ndivyo tunavyofanya.

Baada ya hapo siku ilikatika vipande vipande. Alikuja mjamzito wa miezi saba. Yeye hulala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, mwingine chini ya tumbo, mikono yangu mepesi kiunoni na kwenye nyayo. Alikuja mtu wa refleksolojia na ramani yake ya nyayo kwenye simu, ile iliyoenezwa Marekani na Eunice Ingham miaka ya 1930, kwamba kidole gumba ni kichwa na katikati ya unyayo ni tumbo. Simwahidi kwamba nikibonyeza hapo ini litapona. Namwahidi nyayo nyepesi, na nyayo zilizokaa ndani ya viatu tangu asubuhi hazihitaji ramani ili zifurahi. Simu ya mapokezi ikalia, mwanamume akauliza kama tuna "huduma nyingine", nikaikata. Nadhani ilikuwa saa kumi na moja, au karibu na magharibi, wakati stima ilipopotea na maji ya mawe yakapoa, nikamweleza mteja wa mawe ya moto kwamba leo itakuwa mikono mitupu. Alikubali. Aliniambia mikono ilikuwa bora.

Mwenzangu alikuwa chumba cha pili na wateja wawili waliotaka masaji ya Kithai, ile ya mkekani, mteja amevaa nguo zake na mkandaji anamvuta na kumkunja kwa mikono, viwiko na magoti. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Huwa nafikiri juu ya hilo nikiwa nimechoka. Kule Thailand ni urithi. Bibi yangu pale Kilifi alikuwa na mikono ya aina hiyo hiyo, na hakuna aliyemwandika popote, na mimi mjukuu wake naogopa kusema kazi yangu kwenye matatu.

Mteja wa mwisho simkumbuki vizuri. Alikuwa na mgongo mpana. Gumba lilikuwa limekwisha, nikamaliza kwa kiwiko.

Nilipotoka mapokezi niliitafuta ile karatasi. Haikuwa mezani. Nikaangalia kwenye pipa la taka, nikatoa vikombe na tishu moja moja, haikuwamo. Getini nikamuuliza mlinzi.

"Yule mzee wa kuchechemea? Nilimpa kiti changu hapa, dada. Alikaa anasoma karatasi. Aliisoma, akaikunja, akaisoma tena."

"Akaenda wapi?"

"Sikusikia alichomwambia dereva. Gari ilikata kulia."

Kulia ni njia ya hospitali. Kulia pia ni njia ya kwenda kwingi. Nilisimama pale getini kidogo nikiitazama barabara, kisha nikavuka kungoja 46. Nilipata nafasi ya kusimama tu, mkono wa kushoto juu kwenye chuma, wa kulia nimeupumzisha mfukoni.