Daftari la fundi

Leo mchana nilipita kwa fundi wangu Buguruni kupimwa gauni la sare, binamu yangu anaolewa mwezi ujao. Fundi huyu ana mtindo wake. Anazungusha futi, anataja namba kwa sauti kama kondakta anayetaja vituo, na kijana wake anaandika. Bega 16. Kifua 40. Alipofika kiunoni akanyamaza. Akalegeza futi, akakaza, akapima upya. Halafu akalivuta daftari mwenyewe, akalamba kidole na kupekua mpaka ukurasa wangu wa mwaka jana. Kiuno inchi 37. Leo 34 na nusu.

"Dada, ulikuwa unaumwa?"

Ndivyo tulivyo. Ukinenepa umependeza, ukipungua una mawazo, na kama huna mawazo basi una ugonjwa unaouficha. Nikamwambia ni mazoezi tu, fundi, nafanya nyumbani kwa video. Akaguna. Akaweka kalamu chini, akaokota penseli, akaandika 34½ pembeni ya ile 37 bila kuikata.

"Nyinyi wa mazoezi nawaandikaga kwa penseli."

Njia nzima kwenye daladala nimekuwa na hiyo penseli kichwani, ndiyo maana naandika usiku huu badala ya kulala.

Nilianza mwezi wa kwanza. Dada yangu ni muuguzi, na siku hiyo alinipima kiuno sebuleni kwake bila hata kuniomba ruhusa: sentimita 94. Akanitajia namba za Shirika la Afya Duniani. Kwa mwanamke, ukivuka 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda, ukivuka 88 inapanda sana. Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Mama yetu alikufa na kisukari, na mimi na yeye ndio tuliokuwa tukipokezana kumwosha na kumfunga kidonda cha mguu.

Jimu nilishajaribu miaka iliyopita, nikalipa miezi mitatu nikaenda mara nne. Safari hii shoga yangu wa ofisini alinipa flashi yenye 30 Day Shred ya Jillian Michaels, mwalimu wa mazoezi wa Marekani, video ya mwaka 2008, mbibi kabisa ukilinganisha na zinazotoka kila wiki siku hizi. Nilikubali kwa sababu ni fupi na haina maneno mengi ya kuelewa. Ngazi tatu, kila moja siku kumi. Ndani ya kila ngazi kuna mizunguko mitatu, na kila mzunguko ni dakika tatu za nguvu, dakika mbili za kukimbiza moyo, dakika moja ya tumbo. Ukijumlisha kupasha mwili na kujinyoosha hufiki nusu saa. Ukifanya dakika 25 mara sita kwa wiki umeshapata dakika 150, na hizo ndizo Shirika la Afya linazotaka mtu mzima azipate walau kwa mwendo wa wastani. Nilifurahi kuliko kawaida nilipopiga hesabu hiyo. Mimi ni mtu wa hesabu, nafanya kazi stoo.

Nyuma ya mwalimu kuna wanawake wawili, mmoja anafanya toleo jepesi, mwingine toleo gumu. Siku ya kwanza kiherehere kikanipeleka kwa yule wa toleo gumu. Kuruka, pushapu, skwati huku nainua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, maana vyuma sina. Nikamaliza, nikajiona mtu. Maumivu ya namna hiyo hayaji siku hiyo hiyo. Yanakomaa kesho yake, na kesho kutwa ndiyo yanakuonyesha. Siku ya tatu nilishuka kwenye daladala kwa ubavu, kama kaa, na kuketi chooni ikawa kazi ya kushika ukuta.

Nina daftari dogo nililoandika kila siku. Nanukuu lilivyo:

Siku ya 1. Kilo 78. Pushapu: sifuri, za magoti nne.

Siku ya 5. Umeme umekatika katikati, nimemalizia kwa kukumbuka.

Siku ya 8. Kilo 78.8!!! Mzani mbovu au mimi?

Siku hiyo ya nane nilitaka kuacha kabisa. Siku nane za jasho, kisha naongezeka! Dada akanieleza kwenye simu huku nasikia wagonjwa wakimwita: misuli iliyoshtushwa inavimba na kushika maji, na misuli inayoanza kutumika inajiwekea akiba zaidi ya sukari yake, glaikojeni, ambayo kila gramu inalala na gramu kama tatu za maji. Tena akaniuliza niko tarehe ngapi. Nilikuwa nakaribia siku zangu. Kwa hiyo ilikuwa maji juu ya maji. Mwanamke anayejipima kila asubuhi atapata kichaa kabla hajapata kiuno, nikahamia mara moja kwa mwezi, siku ileile ya mzunguko.

Siku ya 11 ni ya kwanza ya ngazi ya pili, ambayo muda mwingi uko kwenye planki, kujishikilia kwa mikono na vidole vya miguu mwili umenyooka, na ndiyo siku goti langu lilipogoma. Kosa langu mwenyewe: wiki nzima na ushee nilikuwa naruka pekupeku juu ya vigae, tena nikimfuata yule wa toleo gumu. Nikapumzika wiki mbili. Niliporudi nilikuwa na raba, mkeka, na heshima mpya kwa mwanamke wa toleo jepesi.

Tulianza watano kwenye kundi letu la WhatsApp. Siku ya sita tulikuwa watatu. Siku ya kumi na moja, ukinitoa mimi na goti langu, alibaki wifi yangu peke yake. Kila ukitafuta habari za hizi programu unakutana na picha za waliomaliza, kabla na baada, mwanamke yuleyule kama amebadilishiwa mwili. Sijawahi kuona picha ya aliyeishia siku ya sita. Wangu nawajua. Jirani yangu, mtoto alishikwa na homa, akakesha hospitali siku tatu, na zile tatu zikawa mwisho. Shoga yangu mwenyewe, aliyenipa flashi, baba mkwe wake alitoka kijijini kuja kutibiwa akakaa wiki tatu, analala sebuleni. Televisheni iko sebuleni. Utarukaje mbele ya mkweo umevaa taiti? Alijaribu chumbani kwa simu, kitanda kikamwachia nafasi ya kusimama tu. Hakuna uvivu hapo. Video imepigwa kwenye ukumbi mtupu ambao hakuna anayeita "mama, maji yanachemka", na anayeitazama anadhani nidhamu ndiyo iliyomshinda.

Wa tano ni mdogo wangu wa kike, na yeye aliachishwa. Alikuwa na mtoto wa miezi sita. Kila akifika kwenye dakika ya tumbo, akiinua kichwa kutoka sakafuni, katikati ya tumbo kunainuka tuta kama mgongo wa samaki. Kliniki wakamwambia misuli ya tumbo ilikuwa bado imeachana tangu ujauzito, aache kujikunja hivyo kwanza, aanze na pumzi na mazoezi ya taratibu. Alinipigia kwa hasira, akidhani anaachwa nyuma. Leo hii tumbo lake limekaa kuliko langu.

Na hiyo dakika moja ya tumbo, tusidanganyane, haiyeyushi kitambi. Inaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, lakini mafuta yenyewe mwili unayatoa unakotaka wenyewe. Mimi ulianzia usoni na kifuani. Hakuna aliyeuomba.

Wifi yangu ndiye nyota wetu. Kilo sita kwa miezi miwili, na kila msiba na kila harusi anaisifu video. Nampenda wifi yangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa namwona mezani. Wiki ileile aliyoanza aliacha soda ya mchana, akaacha zile chapati mbili za chai ya saa nne. Kipindi kimoja cha video kwa mtu wa uzito wangu ni kalori mia mbili na kitu, yaani chapati moja ya mafuta, tena si ile ya mama ntilie. Ningemaliza kuruka, nikanywa chai na chapati mbili za kujipongeza, nimeshaingia deni kabla sijaoga. Nililigundua hilo mwezi wa pili mwishoni. Sikuacha chapati, siwezi kusema uongo hapa. Nimebaki na moja.

Kuhusu picha, nina ushahidi wangu. Jumamosi moja nilimwomba binti yangu anipige mbili. Ya kwanza nimetoka kula wali maharage, mabega yameshuka, taiti imekaa chini ya kitovu, taa ya dari inaniwakia kichwani. Ya pili nimepandisha taiti juu ya kitovu, nimesimama ubavu karibu na dirisha, nimevuta pumzi, nimetabasamu. Kati yake ni dakika kumi. Nikazituma kwenye kundi bila neno. Mashallah zilimiminika! Jirani akauliza nakunywa nini. Shoga yangu akaandika kwa herufi kubwa kwamba kesho anarudi. Nilipowaambia ukweli wifi yangu alikaa kimya mpaka jioni, halafu akanitumia: "Ile ya kwanza ifute, dada, si nzuri kuiacha kwenye simu."

Nilimaliza. Siku zangu 30 zilichukua siku 52. Mzani ulisema 76, kilo mbili pungufu, na kwa kilo mbili hupati picha ya kumwonyesha mtu. Pushapu kamili zilikuwa tisa. Kutoka sifuri! Wiki za mwanzo, dada anasema, nguvu nyingi inatoka kwenye mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli uliyo nayo, na misuli yenyewe kukua inakuja baadaye. Mimi nilijua siku maji yalipokatika kwenye jengo letu. Nilibeba ndoo ya lita 20 mpaka ghorofa ya tatu, mkono mmoja, bila kutua. Kijana wa ghorofa ya pili alikuwa ametua ya kwake kwenye ngazi, anapumua. Nikampita. Sikumsemesha, ila nilipunguza mwendo kidogo ili aone.

Kilichofuata ndicho sikutegemea. Siku ya 31 haipo. Asubuhi niliamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, nikasali, nikavaa raba, nikasimama mbele ya televisheni, na hakukuwa na mtu wa kuniambia nifanye nini. Siku zote hizo nilidhani ile video inanipa mazoezi. Mazoezi yenyewe nilishayakariri, hata umeme ukikatika namalizia. Kilichokuwa kinanisaidia ni kutoulizwa. Nyumba nzima inaniuliza: tunapika nini, hela ya daftari iko wapi, gesi imeisha tufanyeje, na ofisini vivyo hivyo, dada stoo tumebakiza ngapi. Kwa dakika 25 kulikuwa na mtu mmoja ananiambia piga magoti, inuka, geuka, na mimi natii tu kama mtoto wa chekechea. Zilipokwisha siku, nikawa naulizwa tena, sasa na sebule tupu. Nilivua raba. Nikakaa siku 19 bila kufanya chochote.

Nilianza upya mwezi wa nne, flashi ileile, ila zile chupa nimezijaza mchanga mkavu, zimefika karibu kilo mbili na nusu kila moja, kwa sababu za maji zilishakuwa nyepesi na mwili uliokwisha kuzoea haudanganyiki. Sasa naifanya yote mara ya tatu, niko siku ya nne. Goti linalalamika mvua ikinyesha. Mzani unasema 75 na nusu, na haujasogea tangu mwezi wa sita.

Niliporudi nyumbani leo nilichukua simu nikazidisha 34.5 kwa 2.54 nipate sentimita. Inatoka 87.63. Nimempigia dada. Kwanza akasema fundi hapimi pale wanapopima wao, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, fundi anapima pale sketi inapokaa. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza ni ngapi tena. Nikarudia. Akasema, haya, njoo Jumapili nikupime mimi.

Nimesahau kusema jambo moja. Kabla sijatoka pale Buguruni, fundi alikuwa ameshatandaza kitambaa na chaki iko mkononi. Akaniuliza aache akiba ya inchi ngapi ubavuni. Mwaka jana aliacha mbili bila kuuliza. Nikamtazama, nikakitazama kitambaa, harusi ni baada ya wiki tano.

"Acha moja na nusu, fundi."

Akaichora.