Miezi sita ya kuitwa Mangi

Jumapili, saa tatu usiku. Leo nimefunga duka saa kumi jioni, jambo ambalo sijalifanya tangu nianze, na jirani mmoja amegonga dirisha kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, nahesabu sabuni.

Mwenye fremu, chumba hiki cha duka ninachopanga, alipita juzi. Miezi sita imekwisha, anataka mingine sita, 80,000 kwa mwezi, zote kwa mkupuo kama ilivyo kawaida ya huku Mbagala. Maana yake 480,000. Nikamjibu, "Haina shida, mzee wangu," kwa sauti ya mtu mwenye duka. Alipoondoka nikafungua droo, nikaangalia na salio la simu: 190,000. Usiku ule sikulala.

Kilichonichanganya ni kwamba wateja wapo. Kwa siku nauza kama 30,000, mwisho wa mwezi inapanda. Asubuhi watoto na sarafu zao, jioni vijana wa kijiweni na maji ya baridi. Wote wananiita Mangi, jina la chifu wa Wachaga wa Moshi, ingawa mimi ni Mdigo wa Tanga na Moshi nimeiona kwa dirisha la basi tu. Dar ukishakaa nyuma ya kaunta wewe ni Mangi, huna pa kukata rufaa. Nami nikadhani jina likishanikaa, hela nazo zitakaa.

Basi leo nimehesabu kila kitu. Nilianza kwa bei za kuuzia, nikafika katikati ya shelfu nikashtuka kwamba nahesabu faida ambayo bado iko mifukoni mwa wateja, nikarudi mwanzo kwa bei za kununulia. Bidhaa zote, 1,150,000. Taslimu na simu, zile 190,000. Daftari la madeni, 214,500, nikijidanganya kwamba hata yule aliyehama usiku na godoro lake atakuja kulipa. Kutoka hapo nikatoa 160,000 za mali kauli, unga na mafuta niliyochukua kwa muuza jumla nilipe nikishauza. Ikabaki 1,394,500.

Nilipofungua nilikuwa na 3,200,000. Fremu, shelfu, friji la mtumba na leseni vilimeza 1,400,000, mzigo ukawa wa 1,800,000. Kwa hiyo pungufu ni 405,500. Nikakaa juu ya kreti la soda, nikawa naikodolea macho ile namba.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mpwa wangu, anayenishikia duka nikienda Rangi Tatu kufuata mzigo. Naandika hili kwa aibu, maana karibu saa nzima nilikuwa nimeshamfunga kichwani mwangu.

Nikamgeukia sukari. Mfuko wa kilo 50 naununua 140,000, kilo nauza 3,000, na siku zote nimekuwa nikisema kila mfuko unanipa 10,000. Lakini sukari siiuzi kwa mfuko, naipima robo, nusu, robo tena, na mkono wangu una huruma: mizani ikilala kidogo upande wa mteja naiacha. Nilipofuatilia mfuko wa mwisho ulikuwa umetoa kilo 48 na nusu. Hiyo ni 145,500. Toa 3,000 za bodaboda ya kuuleta, toa 1,500 za vifungashio. Mfuko mzima nimebaki na 1,000. Mafuta ya kupima sijayafuatilia bado, na naogopa.

Simu nayo ni kichaka. Wateja wanalipia kwenye laini ileile ambayo kaka yangu anatuma hela za matibabu ya mama. Mwezi uliopita nilifurahia mauzo ya Alhamisi moja hadi nikaagiza katoni mbili za sabuni, kumbe 50,000 ilikuwa ya mama. Kesho nakwenda kuomba lipa namba, namba ya malipo ya duka peke yake.

Lakini hata sukari na simu havifiki 405,500. Aliyenifumbua macho ni kijana wa bodaboda, mwenyewe hajui. Saa moja hivi alikuja dirishani kununua kiberiti, uso umemshuka, hajatimiza hesabu, ile hela anayompelekea bosi mwenye pikipiki kila siku, 8,000. "Mangi, nile nisile, hesabu ya tajiri lazima itoke."

Hapa dukani tajiri ni mimi, na dereva ni mimi. Dereva anakula kila siku. Kila jioni nachomoa 5,000 kwenye droo, ya mboga na mkaa, na sijawahi kuiandika popote kwa sababu nilikuwa naiita hela yangu. Kwa siku 180 ni 900,000.

Nikapiga hesabu upya. Kama nimetoa 900,000 na mtaji umepungua 405,500 tu, basi duka lilizalisha 494,500. Toa pango la miezi hiyo sita, 480,000, lililokuwa ndani ya ile 1,400,000 ya mwanzo. Faida yangu ni 14,500. Pengine ni zaidi kidogo, maana sukari na sabuni zinazokwenda nyumbani sijui ni kiasi gani. Pengine ni pungufu, maana friji nalo linazeeka. Kwa kifupi, nimekula 900,000 kwenye duka lililoniletea 14,500.

Na hiyo ni kodi ya pango tu. Kodi nyingine, ya TRA, mamlaka ya mapato, haiangalii nimebaki na nini. Sisi wadogo tunakadiriwa kwa mauzo ya mwaka na kulipa kwa awamu nne. Nilipokwenda kuchukua TIN, namba ya mlipakodi, dada wa kaunta aliniuliza nakadiria kuuza kiasi gani, nikamjibu, "Ya kawaida tu, dada." Alinitazama kwa upole. Wenye kumbukumbu wanakokotolewa kwa kumbukumbu zao, wasio nazo wanapangiwa kiwango, na mimi nilikwenda pale na tabasamu.

Mwenye fremu nitamwomba anipokee miezi miwili kwanza. Mpwa wangu nimempigia simu, nikashindwa kusema kwa nini, nikaishia kumuuliza habari za shule.

Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari la madeni na juu yake nimeandika "Mangi". Sasa hivi mama watoto amegonga, anataka robo ya sukari ya uji wa asubuhi. Nimempimia, mara hii mizani imesimama katikati, naye akauliza mbona leo nampima kama mteja. Nimeandika: sukari robo, 700, bei ya kununulia. Ndiye mdaiwa wa kwanza ninayejua anapolala.