Siku Tuliyoipima Injini ya Datsun 240Z

Mwaka 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, wapenzi wachache wa magari ya zamani mjini Nakuru waliamua kuandaa maonyesho yao wenyewe, wakaniomba nihariri kijitabu ambacho wageni wangepewa mlangoni. Wakati huo nilikuwa nikifundisha uchoraji wa kiufundi. Kurasa nyingi hazikunichukulia muda. Ukurasa wa Datsun 240Z, gari la michezo lililoundwa na Nissan, ndio ulionizuia, kwa kuwa sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba gari hilo lilitoka kiwandani na injini ya lita 2.6 yenye kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu) na nguvu farasi 160.

Ni gari linalokumbukwa sana huku kwetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia 240Z katika Safari ya 1971, Shekhar Mehta akiwa wa pili katika gari la aina hiyo hiyo, na mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana na Harry Källström kwa pointi za adhabu na kupewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi. Wazee waliosimama kando ya barabara za Bonde la Ufa wakati huo wangekuja kwenye maonyesho na wajukuu wao, na mjukuu aliyeshika karatasi iliyochapishwa huiamini karatasi hiyo kuliko kumbukumbu ya babu yake. Sikuwa tayari kumpa karatasi yenye uongo.

Chanzo cha tarakimu hizo nilikifahamu, na hilo ndilo lililonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Kila moja ilikuwa ya kweli mahali pengine. Lita 2.6 ni za 260Z, gari lililofuata. Kamshafti mbili na nguvu farasi 160 ni za injini ya S20, iliyowekwa katika Z432 iliyouzwa Japani, na injini hiyo ilikuwa na sentimita za ujazo 1989 tu, yaani karibu lita 2. Mwandishi alikuwa ameunganisha magari matatu ya ukoo mmoja akapata gari ambalo Nissan haikuliunda kamwe. Kosa la namna hii ni gumu kung'oa kuliko uzushi mtupu, kwa sababu anayelitetea ataonyesha ushahidi wa kila kipande.

Mwenye gari, mkulima wa upande wa Njoro, alinisikiliza kwa heshima lakini hakukubali. “Mwalimu,” aliniambia, “marehemu baba aliniambia kwa kinywa chake kwamba injini hii si ya kawaida, ilipanuliwa.” Sikutaka kubishana na marehemu, wala sikuona sababu ya kubishana naye. Gari lenyewe lilikuwa gereji, katika eneo la viwanda, likibadilishwa gasketi ya hedi, sehemu ya juu inayofunika silinda. Tukakubaliana kwenda kuitazama injini ikiwa wazi.

Fundi alikuwa mzee aliyetengeneza Datsun tangu ujana wake. Nilipomweleza tulichokifuata, alitushika mkono mmoja mmoja, akatupeleka kwenye meza ambako hedi ilikuwa imelazwa. “Hesabuni wenyewe,” alisema. Kamshafti ilikuwa moja, imelala juu ya hedi kutoka mwanzo hadi mwisho, na valvu zilikuwa 12, mbili kwa kila silinda. Suala la kamshafti liliishia hapo bila mtu kuinua sauti.

Ujazo ulihitaji kazi zaidi. Mwenye gari alionyesha alama iliyogongwa upande wa kulia wa bloki, L24, ambayo ndiyo jina la injini ya 240Z, akauliza kama hiyo haitoshi. Mzee alitikisa kichwa, na nafurahi kwamba ni yeye aliyejibu badala yangu: bloki ya L24 inaweza kufungwa krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya injini kubwa zaidi, na mtu wa nje asijue. Kipenyo cha silinda nacho hakitoshi, kwa kuwa L24 na L26, injini ya 260Z, zote zina milimita 83. Kinachozitenganisha ni mwendo wa pistoni, yaani umbali inaosafiri kutoka juu hadi chini: milimita 73.7 kwa L24 na 79 kwa L26.

Basi tukapima mwendo. Mzee alizungusha krankshafti kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa, nikasoma kina kwa vanieri, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, kisha akaizungusha mpaka chini kabisa, nikasoma tena. Tofauti ilikuwa milimita 73.7. Alitabasamu, akasema kipimo hicho anakijua usingizini, kwa kuwa ndicho cha Datsun 1600, gari ambalo Herrmann alishindia Safari ya 1970. Ni kweli kabisa, na ni jambo ambalo ningependa liandikwe katika kila makala kuhusu 240Z: injini ya 1600 ina silinda nne za kipenyo na mwendo ule ule, na injini ya 240Z ni silinda hizo hizo zikiwa sita. Moja hufanya sentimita za ujazo 1595, nyingine 2393.

Kisha mzee akakwangua masizi juu ya pistoni, na chini yake ikaonekana tarakimu 1.00. Silinda zilikuwa zimechongwa upya, zikawekewa pistoni zenye kipenyo kilichozidi milimita moja. Nilifanya hesabu nyuma ya karatasi ya kijitabu: milimita 84 kwa 73.7, mara sita, karibu 2450. Mwenye gari aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. “Kwa hiyo baba hakudanganya,” alisema. Nikamjibu kwamba hakudanganya hata kidogo; injini ilikuwa imepanuliwa, ila haikufika 2.6, wala si kiwanda kilichoipanua.

Tuliandika ukurasa upya pale pale, juu ya boneti ya gari lingine. Ujazo ulipewa nafasi mbili: 2393 kama ilivyotoka kiwandani, na takriban 2450 kama ilivyo leo baada ya kuchongwa. Kwa nguvu tuliandika farasi 151, nikasisitiza tueleze kwamba ni tarakimu ya Marekani kwa kipimo cha zamani, ambapo injini ilipimwa mezani bila vifaa vinavyoipunguzia nguvu ikiwa ndani ya gari. Mwenye gari aliona maelezo hayo ni marefu. Mimi niliona kwamba bila hayo, msomaji angeilinganisha na tarakimu ya gari la leo na kudanganyika.

Ilibaki sentensi iliyosema kwamba umbo la gari lilichorwa na mbunifu wa magari Albrecht Goertz. Hapo vanieri haikuweza kutusaidia. Goertz alikuwa amewahi kuishauri Nissan, lakini 240Z ilitoka kwa wabunifu wa kampuni hiyo wakiongozwa na Yoshihiko Matsuo, na jina la Matsuo ndilo tuliloliweka. Mwenye gari aliniomba nimwandikie tahajia yake kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa siku ya maonyesho ni yeye ambaye angesimama kando ya gari akiulizwa maswali.