Siku moja maishani mwangu: nesi wa usalama wa upasuaji katika hospitali ya wanajeshi wa zamani

Saa 11:15 alfajiri

Chai ya rangi, mkate, barabarani. Asubuhi zangu hazina mengi zaidi ya hayo.

Mimi ni nesi. Nimefanya kazi tieta, yaani chumba cha upasuaji, miaka mingi, na sasa niko kitengo cha ubora na usalama wa upasuaji katika hospitali moja ya wanajeshi wa zamani hapa Marekani. Hospitali hizi ni za serikali kuu na ziko takribani 170 nchi nzima. Wagonjwa wetu wengi ni wazee waliopigana Vietnam, na siku hizi wapo pia waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan. Sishiki kisu na simchomi mtu sindano. Naangalia upasuaji unavyoendeshwa, nafuatilia wagonjwa hadi siku ya 30 baada ya kupasuliwa, na nachunguza pale jambo linapoharibika au linaponusurika kuharibika. Ninayoyasimulia hapa nimeyageuza kidogo ili mgonjwa yeyote asitambulike.

Saa 12:30 asubuhi

Kikao kifupi cha timu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Wanasimama wote: daktari mpasuaji, daktari wa usingizi, manesi, fundi wa vifaa. Kila mmoja anataja jina lake na linaandikwa ubaoni. Halafu wanaipitia orodha ya siku. Nani ana kisukari, nani anatumia dawa za kuyeyusha damu, damu ya akiba ipo, kifaa gani hakijafika.

Zamani mpasuaji aliingia ameshanawa mikono, akanyoosha kiganja, akapewa kisu, kazi ikaanza. Mdogo akiona jambo alimeza mate akanyamaza. Sisi tuliolelewa tukiambiwa mkubwa hakosolewi mbele za watu tunaijua hali hiyo vizuri sana. Mfumo wa hospitali hizi ukaanza kuzifundisha timu nzima kwa pamoja, madaktari na manesi chumba kimoja, namna ya kusema na namna ya kusikiliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika hospitali zilizopata mafunzo vifo baada ya upasuaji vilipungua kwa asilimia 18 kwa mwaka, na katika zile zilizokuwa bado hazijayapata vilipungua kwa asilimia 7. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine mpya wala dawa mpya. Watu walianza kuzungumza.

Saa 2:10 asubuhi

Niko chumba cha macho, upasuaji wa mtoto wa jicho: lenzi ya jicho iliyoingia ukungu inatolewa na kuwekwa ya bandia, yenye nguvu iliyopimwa kwa kila mgonjwa. Mgonjwa wa kwanza amekunywa kahawa ya maziwa njiani, kwa hiyo amesogezwa nyuma na wa pili ametangulizwa. Jambo la kawaida kabisa, na ndipo hatari inapojificha.

Mzee amelala, jicho limetiwa ganzi, mwenyewe yuko macho. Kabla ya kisu, kila mtu anasimama. Nesi anasoma ukanda wa mkononi. Mzee anataja mwenyewe jina lake, tarehe ya kuzaliwa na jicho linalofanyiwa. Daktari anaonyesha alama ya kalamu juu ya nyusi. Kisha fundi wa vifaa, binti mdogo kuliko wote mle ndani, ananyanyua boksi la lenzi na kuisoma nguvu yake kwa sauti: 21.5. Nesi anasoma karatasi ya vipimo: 19.0.

Kimya. Binti akasema, "Daktari, namba haziendani."

Boksi lilikuwa la yule mgonjwa wa kahawa. Lilipangwa kwa orodha iliyochapishwa jana jioni, na orodha ilipobadilika asubuhi, boksi lilibaki pale pale mezani. Likarudishwa, likaja la haki, na safari hii likasomwa na watu wawili. Mzee akauliza kuna nini. Daktari alimjibu bila kuzunguka: tulikuletea lenzi ya mtu mwingine, tumeigundua, sasa tunaleta yako. Mzee akasema tuchukue muda wetu.

Lenzi isiyo sahihi ni kosa lisilotoa damu. Mgonjwa anakwenda nyumbani anatabasamu, na baada ya wiki anajiuliza kwa nini dunia bado ina ukungu. Uchambuzi wa taarifa za hospitali hizi za mwaka 2001 hadi 2006 ulikusanya matukio 342 ya kukosea mgonjwa, upande, kifaa au upasuaji wenyewe. Kati yake 212 yalitokea na 130 yalinaswa kabla. Macho yalikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoongoza, na karibu nusu ya yale 212 yalitokea nje ya tieta kabisa, kwenye vyumba vya vipimo na kliniki, mahali ambapo watu hulegeza kamba.

Kusimama huku kabla ya kisu si anasa ya nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji katika miji 8, mmojawapo ulikuwa Ifakara, kule Kilombero, ukiwa sambamba na London na Toronto. Kwa miji yote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Tanzania haikuletewa ushahidi huo, ilishiriki kuujenga.

Saa 3:30 asubuhi

Naandika taarifa ya nusura. Wengi hudhani tukio ambalo halikumdhuru mtu halina haja ya kuandikwa. Kwangu ndilo lenye thamani kubwa, maana limekuonyesha tundu na hakuna aliyetumbukia.

Mwaka 1999 mfumo huu ulianzisha Kituo cha Taifa cha Usalama wa Wagonjwa, na mkuu wake wa kwanza alikuwa James Bagian, daktari na mhandisi aliyewahi kuruka angani akiwa mwanaanga wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Alileta mtazamo wa watu wa ndege: usianze kwa kuuliza nani amekosa, uliza nini kilitokea, kwa nini, na tutazuiaje kisirudie. Anayetoa taarifa haadhibiwi kwa kutoa taarifa. Uhalifu, ulevi kazini, kumnyanyasa mgonjwa au kumhatarisha kwa makusudi havimo katika kinga hiyo, navyo vina njia yake nyingine.

Saa 5 asubuhi

Chumba cha kuzindukia. Kuna jambo hapa ambalo hospitali ya kawaida hulikuta mara chache. Mwanajeshi wa zamani anaweza kuzinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi akiwa amerudi vitani, akarusha ngumi, akang'oa mirija, akapiga kelele za kuwaonya wenzake waliokufa miaka hamsini iliyopita. Manesi wetu hawamwinamii usoni na hawamshiki ghafla mabega. Wanasimama upande wa miguuni, wanamwita kwa jina, wanamwambia yuko hospitali na upasuaji umekwisha.

Leo mmoja alizinduka akilia. Nesi alikuwa ameshaambiwa, kwa sababu swali la ndoto za vita liliulizwa kwenye kikao cha asubuhi, na mkewe alikuwa ameshaketi karibu. Alitulia ndani ya dakika chache, mshono haukufumuka.

Saa 7 mchana

Wali na maharage. Nimekaa na nesi mgeni kutoka Eldoret, amekata tamaa kidogo.

"Dada, hapa nesi akisema anasikilizwa kweli?"

Nikamwambia habari za Sue Kinnick, nesi wa hospitali ya Topeka, Kansas. Mwaka 1992 alimwona mfanyakazi wa kukodisha magari akisoma bakodi ya gari, ile alama ya mistari, kwa kifaa cha mkononi, akajiuliza: kama wanaweza kwa magari, sisi tunashindwaje kwa dawa? Hospitali yake ikaanza kuijaribu katikati ya miaka ya 1990, na kufikia 2000 ilikuwa inasambazwa kwenye hospitali zote za mfumo huu. Kila unaposoma bakodi ya ukanda wa mgonjwa kabla ya kumpa kidonge, mdogo wangu, unatumia wazo la nesi.

Saa 8 mchana

Mafaili na simu. Mwaka 1985 Bunge la Marekani liliziagiza hospitali hizi zilinganishe vifo vya upasuaji wake na wastani wa taifa, baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa. Tatizo ni kwamba wastani huo haukuwepo. Daktari mpasuaji wa moyo Shukri Khuri na wenzake wakaamua kuutengeneza. Walianza na hospitali 44 mwaka 1991, na 1994 mpango ukaenea kote.

Uzuri wake uko kwenye haki. Mzee wa miaka 80, mvutaji sigara, mwenye kisukari, hawezi kulinganishwa na kijana wa miaka 30 mwenye kidole tumbo. Kwa hiyo kwanza tunakadiria vifo vinavyotarajiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo, halafu tunavilinganisha na vilivyotokea. Hospitali inayopokea wagonjwa mahututi haionewi, na inayochagua wepesi haijifichi. Ndani ya takribani muongo mmoja tangu 1991, vifo vya siku 30 vilipungua kwa asilimia 27 na matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 45.

Napiga simu ya siku ya 30. Anapokea mke wa mgonjwa, anasema kidonda kinatoa harufu lakini mumewe hataki usumbufu. Naandika maambukizi kwenye fomu, kisha nampigia nesi wa kliniki hapo hapo. Mzee ataonwa leo kabla ya saa 11 jioni. Hizi takwimu zina miguu na mikono.

Saa 9:30 alasiri

Timu ya kuchunguza chanzo cha tukio. Tuna siku 45 tu kumaliza, na sheria inalinda siri ya mazungumzo yetu. Tukio lenyewe: sindano ya kutia ganzi neva (mshipa wa fahamu) ya mguu, imechomwa upande usio sahihi. Mgonjwa aliambiwa ukweli siku hiyo hiyo na akaombwa radhi.

Rasimu ya pendekezo la kwanza inasema wafanyakazi wakumbushwe kuwa makini. Nimeikataa. Yule daktari alikuwa makini, ila alikuwa amegeuziwa mgonjwa kifudifudi, alama ikafunikwa na shuka, na muuguzi ameitwa kwingine. Ukimkumbusha leo, baada ya miezi sita shuka itafunika tena. Bango ukutani na semina ni dawa dhaifu. Dawa kali ni ile inayomfanya mtu ashindwe kukosea hata akiwa amechoka.

Tumebishana karibu saa nzima. Tulichokubaliana: sindano za ganzi ya neva zitakaa kwa nesi, naye hatazitoa mpaka wawili waione alama kwa macho yao na mgonjwa ataje upande. Na kwa chumba cha macho, orodha ikibadilika hata kidogo, maboksi yote ya lenzi yanarudi kabatini na kutolewa moja moja. Majaribio yanaanza Jumatatu kwenye vyumba viwili, na binti aliyesoma 21.5 ndiye niliyemwomba aandike hatua za lenzi, kwa sababu yeye ndiye anayeyashika maboksi.