Maji ya batiki: unga wa mbao haunasi kila rangi

Wenye karakana za batiki, tafadhali msimwage maji ya rangi mtaroni. Unga wa mbao unasaidia, ila majini una chaji hasi, hivyo hunasa vizuri rangi zenye chaji chanya kama methilini bluu. Rangi riaktivu za pamba (zinazoungana na nyuzi zenyewe) zina chaji hasi, zinasukumwa mbali. Hizo zinataka mkaa amilifu wa vifuu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vya kunasia uchafu.

Chekecha unga wa mbao upate chembe za milimita 0.5 hadi 1. Laini zaidi ya hapo huziba kitambaa cha kuchujia. Chemsha, suuza mpaka maji yatoke safi, anika. Usipochemsha, tanini za mti zitatia maji ukahawia nawe utadhani rangi haijatoka. Anza na gramu 5 kwa lita, koroga saa 2, chuja.

Maji yenye kostiki (magadi makali) na haidrosi (sodiamu haidrosulfaiti), kemikali za kuyeyushia rangi ya vati isiyoyeyuka kwa maji matupu, koroga kwanza yapate hewa ya kutosha: rangi ya vati inageuka chembe na kutuama yenyewe. Ndipo utie siki hadi pH 7, yaani maji yasiwe na ukali wa asidi wala wa magadi. Ukitangulia na siki, haidrosi inatoa gesi inayokaba kifua, kwa hiyo fanyia nje.

Unga uliokwisha kutumika usiupeleke kwenye mchicha. Rangi bado imo.