Paka wangu na ndege

Wenzangu mlioko Marekani, ile barua ya daktari ya kusema unahitaji mnyama wa kukufariji haisaidii tena kumpandisha ndege bure. Jana kaunta ya uwanja wa ndege nimelipishwa paka wangu dola mia na ushee, na akae ndani ya begi chini ya kiti safari nzima. Alilia mpaka tunapaa, nimepenyeza vidole kwenye wavu namkuna shingo. Tangu Januari 2021 mashirika hayalazimiki kupokea bure mnyama wa kukufariji. Anayepita ni mbwa aliyefunzwa kumsaidia mwenye ulemavu, tena wanaweza kukudai fomu ya serikali. Watu nao walizidisha, jamani: 2018 kuna mtu alifika uwanja wa ndege wa Newark na tausi, akakataliwa kupanda naye! Lakini anayeumia ni mwenye wasiwasi wa kweli. Mkikata tiketi pigeni simu mapema, nafasi za wanyama ni chache.