Nilivyofanikiwa kupata kivuli cha mwembe kwa nukta

Nilitaka kuchora mwembe wa kwa bibi, Muheza, na kivuli chake cha saa saba mchana, kile ambacho ukikiingia kutoka juani unakiona kama cha bluu. Nilijua mchoraji wa Kifaransa, Georges Seurat, alipanga nukta za rangi kando kando, jicho likazichanganya lenyewe. Basi nikachukua njano na bluu, nikadonoa nukta wiki mbili nzima. Niliporudi nyuma hatua tano kuutazama mchoro, majani yote yalikuwa kijivu, kama mti wa kando ya barabara ya vumbi.

Iliniuma sana. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba bluu na njano huzaa kijani. Ni kweli, lakini kwenye sahani: rangi zikikorogwa, kila moja hunyonya sehemu yake ya mwanga, na unaosalia ni wa kijani. Nukta zikikaa kila moja peke yake, jicho hupokea mwanga wa zote mbili kwa wastani, na hizo mbili zikilingana nguvu, zinafifishana.

Bahati nzuri ninaishi Chicago, na mchoro wa Seurat wa kisiwa cha La Grande Jatte, alioufanya kati ya 1884 na 1886, uko hapa kwenye jumba la sanaa la Art Institute. Una upana wa zaidi ya mita 3. Sikuwatazama watu wake hata kidogo, nilitazama nyasi. Kumbe kijani kipo tayari! Amekipaka chini, kisha penye jua ameongeza vitone vya njano na vya rangi ya chungwa, na kivulini vya bluu. (Baadhi ya vile vya njano vimegeuka kahawia, maana njano ya zinki aliyotumia haikudumu.)

Nikamkumbuka Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka, naye akagundua kuwa dawa ya rangi haina kosa, tatizo ni rangi zilizo jirani, ndizo zinazobadilisha jinsi jicho linavyouona weusi huo.

Nyumbani nikapaka kijani kilichokolea, nikakiacha kikauke, nikaweka bluu kivulini. Ukingoni, kivuli kinapokutana na jua, nikaweka chungwa, inayotazamana na bluu kwenye duara la rangi, ili zikikaa jirani zikolezane. Nukta nazo nikazikuza, kutoka punje ya uwele hadi punje ya mchele, ili zisimezane. Kesho yake asubuhi niliuweka mchoro dirishani. Ule ukingo ulikuwa unawaka, na kivuli kilikuwa cha bluu.